Chungu cha Mabingwa Nilikiharibu Mimi

Ni mimi. Nianze na hilo kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana najijua, nikiachiwa upenyo nitatoroka. Chungu kile kilichomwaibisha mgeni pale Ngana mbele ya umati wa watu, chungu ambacho mpaka leo pande zote mbili za mto Songwe wanasema kilifinyangwa na mchawi, nilikifinyanga mimi. Hakuna mchawi. Kuna mwanamke mmoja mwoga, na ndiye huyu anayewaandikia.

Ndugu yangu unayesoma, nivumilie. Nitakueleza kama vile tumekaa wawili jikoni tunamenya ndizi, na ukitaka kunitukana katikati ya maneno, nitukane tu.

Kwetu kwa kuzaliwa si ziwani. Nilizaliwa kwenye tambarare, kwenye migomba na ng'ombe, nikaolewa na kijana Mkisi wa kando ya ziwa, mvuvi. Huko wanawake wote ni wafinyanzi, na vyungu vyao hupelekwa kwa mitumbwi kuuzwa soko la Lyulilo. Mimi nilifika najua jembe na sufuria. Udongo ule sikujua hata unakandwaje!

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu. Mwaka wa kwanza kila chungu nilichofinyanga kilipasuka motoni, na wanawake wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakunicheka hata siku moja. Alikuwa akiokota vigae, ananiwekea mkononi, ananionyesha palipokuwa na unyevu. "Tazama hapa, mwanangu. Umeharakisha." Kisha ananikatia bonge jingine la udongo.

Kila mfinyanzi wa kwetu ana alama yake anayoiweka shingoni mwa chungu. Ya mama mkwe ilikuwa mikwaruzo mitatu ya ukucha na kitone kimoja chini yake. Wanunuzi waliotoka mbali, hata wale wa Karonga upande wa Waingereza, walipofika Lyulilo waliinama wakatafuta alama hiyo kwanza. Alikuwa mjane, hakuwa na ng'ombe wala shamba la maana. Alichokuwa nacho ni mikwaruzo ile mitatu.

Sasa mpira. Mpira wa ngozi uliletwa na misheni, na vijana wetu wakaupenda kupita kiasi. Shule zikaunda timu, timu zikaanza kushindana, na mume wangu akawa nahodha wa timu ya pwani yetu. Jamani, alikuwa na mguu yule! Alicheza pekupeku kama wote, lakini akiupiga mpira, walinda lango wengine walikuwa wanajikinga uso badala ya kudaka.

Mwaka ule wachungaji Wazungu wa upande wetu wa Wadachi na wenzao wa upande wa Waingereza walikubaliana timu bingwa zikutane kirafiki. Mbili kutoka kwetu, mbili kutoka ng'ambo, siku mbili za kucheza, uwanja uwe Ngana karibu na kivuko cha Songwe. Wazungu waliyaita mashindano ya nchi mbili. Sisi tulicheka kidogo, kwa sababu ng'ambo ya Songwe ndiko waliko wajomba zetu na shangazi zetu, na lugha tunasikilizana. Lakini tulifurahi. Tangu mpaka ule uwekwe, watu walikuwa wanavuka kwa kuwaogopa askari, na hii ilikuwa mara ya kwanza tunaambiwa vukeni, njooni mle pamoja.

Wachungaji wakasema mshindi apewe zawadi. Mmoja akataka kikombe cha fedha kutoka Ulaya, lakini kingefika baada ya miezi. Ndipo wazee wakasema, kwani sisi hatuna chetu? Afinyange chungu yule mama wa alama tatu. Kitiwe togwa, manahodha wawili wanywe humo humo, mshindi na mshindwa, kisha mshindi aende nacho kwao.

Mama mkwe alikifanyia kazi chungu kile mwezi mzima. Kilikuwa kipana kiasi cha kukumbatiwa na mtu mzima, kimechorwa kwa udongo mwekundu na mweupe, na ukikigonga kwa kidole kililia kama kengele ya shule. Alipokitoa motoni kizima alikaa chini, akakitazama, akasema, "Ndaga, Kyala." Asante, Mungu.

Siku chache kabla ya mashindano kaka yake alifiwa na mtoto, huko chini kwenye vijiji vya ufukweni chini ya milima. Akapanda mtumbwi kwenda matangani. Akaniambia, "Mimi nitakwenda Ngana moja kwa moja kutoka huko. Chungu nakuachia wewe. Kikae hapa mlangoni, watu wakipita wakione."

Aliniachia mimi!

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na wanawake wote wa kijiji walikuwa Lyulilo. Nilibaki peke yangu uani. Mtumbwi ukapita karibu na ufuko, na wavuvi waliokuwemo wakanipigia kelele: "Mke wa nahodha! Mumeo kafunga mawili! Tumewatoa wale wa tambarare, tunakwenda Ngana!"

Wale wa tambarare, wasomaji wangu, ndio kaka zangu. Ndio walioniambia nimeolewa na watu wanaonuka samaki. Furaha iliyonipanda siwezi kuieleza. Pale uani palikuwa na mpira wa nyuzi za mgomba, ule ambao mume wangu alijizoezea. Nikainua nguo mpaka magotini, mwanamke mzima niliyekuwa kwenye darasa la ubatizo, nikakimbia, nikaupiga teke kwa nguvu zangu zote ili nijue inakuwaje kuwa yeye.

Nilikuwa na mguu kuliko nilivyodhani. Mpira ulikwenda moja kwa moja mlangoni, ukakipata chungu tumboni.

Nilisikia sauti moja tu. Nilipofika kilikuwa vipande sita na shingo yenye alama.

Hapo ndipo ningeomba radhi mambo yakaisha. Mama mkwe angelia, angenisamehe, wazee wangeazima chungu cha mfinyanzi mwingine, basi. Nimeliwaza hili mara nyingi mno. Lakini mimi nilichowaza saa ile ni vicheko vya wanawake, na mtoto wa tambarare aliyepewa kitu kimoja cha kulinda akakipiga teke! Nikavichukua vile vigae nikavifukia kwenye jivu la mahali pa kuchomea. Kijiji cha wafinyanzi hakikosi vigae, nani angeuliza?

Nikakanda udongo siku ile ile.

Chungu kikubwa vile hukaushwa kivulini siku kumi, hata zaidi, ndipo kichomwe. Mimi nilikuwa na siku nne. Nilikizungushia makaa kwa mbali, nikawa nakigeuza mchana kutwa kama mgonjwa wa homa. Siku ya nne nilikigusa tumboni kikawa bado kina ubaridi wa unyevu. Nikaogopa kwamba moto wa kweli ungekipasua. Basi nikakichoma kwa majani makavu machache, moto wa kukidanganya, kikabadilika rangi juu na ndani kikabaki udongo mbichi.

Wanawake walionikuta walidhani ni chungu changu cha kujifunzia; kile cha mlangoni niliwaambia nimekiingiza ndani kisipate vumbi. Mmoja akasema moto huo mdogo, nikajibu najaribu tu. Nilijua! Jambo la kwanza alilonifundisha mama mkwe lilikuwa hilo, kwamba chungu kisichoiva ukikitia kitu cha majimaji kinarudi kuwa tope. Nilijiambia labda kitavumilia kidogo. Labda watatia togwa kidogo. Unajua mtu anavyojidanganya akiwa ameshikwa pabaya.

Nikakichora vizuri kwa nyekundu na nyeupe, kuliko hata cha kwanza. Kisha nikaweka alama shingoni, maana udongo ulikuwa bado unakwaruzika kwa ukucha. Si yangu, yake. Mikwaruzo mitatu na kitone.

Mume wangu alikibeba mpaka Ngana akikisifu njia nzima. Yeye alijua nyavu na mpira, vyungu hakuvijua.

Uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe, nyasi zimeliwa zikawa fupi, magoli ya mianzi. Sijawahi kuona watu wengi vile. Waliotoka ng'ambo walivuka tangu asubuhi wakiimba, na akina mama wa Ngana walikuwa wanawapokea kwa kelele, "Mwagonile! Mwagonile!" na kuwashika mikono kana kwamba wamerudi kutoka kwa wafu. Ndizi zilipikwa, ng'ombe wakachinjwa. Chungu kiliwekwa mezani kikafunikwa kitambaa cheupe.

Mama mkwe akafika, uso bado una msiba. Akaenda moja kwa moja mezani. Nilimwona amenyoosha kidole akitaka kukigonga juu ya kitambaa, na Mchungaji akamzuia kwa upole, kwamba kitafunuliwa mwisho. Akacheka, akarudi kukaa karibu nami.

Nami nikamshukuru Mungu kwa kumzuia. Fikiria! Mungu nikamfanya mshirika wangu.

Siku ya kwanza timu yetu iliitoa ile timu ya pili ya ng'ambo, na wale wa Karonga wakawatoa vijana wetu wa milimani. Kwa hiyo siku ya pili ilikuwa sisi na Karonga. Nahodha wao alikuwa kijana mrefu, mpole, mama yake mzaliwa wa hapo hapo Ngana. Kabla ya kuanza alikuja kumwamkia mama mkwe wangu akiwa amepiga goti, akamwambia, "Juuba, nimesikia habari za mikono yako. Leo nitakwenda na chungu chako, usikasirike." Juuba ni mama, ndivyo tunavyoitana. Mama mkwe alifurahi mpaka akafunika mdomo.

Katika mechi ile hakuna aliyepiga kelele kunishinda. Wanawake walinitania kwamba nampenda mume wangu mno. Sikuwa nampenda mtu. Nilikuwa nahesabu kwamba tukishinda sisi, chungu kitarudi kijijini kwetu, na mimi kama mke wa nahodha nitakipokea wa kwanza, nijikwae nacho mbele za watu nikivunje, niitwe mzembe basi. Niliomba goli kama mtu anavyoomba mvua.

Tulikuwa goli moja kwa moja mpaka karibu na mwisho. Mume wangu akapata mpira peke yake mbele ya goli. Sijui aliteleza kwenye nini, mpira ukapita juu ya mianzi. Wakauchukua Karonga, wakapiga mbili tatu, yule kijana mrefu akafunga. Filimbi ikalia.

Watu wetu walipiga makofi kwa mioyo mizuri tu. Chungu kikafunuliwa, na watu wakasema aah! Akina mama wakamimina togwa, likajaa, bado lina uvuguvugu. Mchungaji wa kwetu akaanza kuhutubia juu ya udugu. Akahutubia, akahutubia. Mimi nilikuwa natazama kitako cha chungu tu.

Nahodha wa Karonga akakinyanyua kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akageuka kumpa mume wangu. Kitako kikatoka chote. Togwa na tope vikammwagikia kifuani mpaka miguuni, naye amebaki ameshika shingo tupu.

Kisha vijana wetu wachache wajinga wakacheka.

Mzee mmoja wa Karonga akasimama. "Ndicho mlichotuitia hiki? Mmetuvusha mto ili mumpake mtoto wetu matope? Chungu hiki cha nani?"

Mama mkwe akasimama mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Akaichukua ile shingo, akaitazama. Akachukua kipande cha kitako, akakisaga kwa vidole kikawa unga wenye maji. "Alama ni yangu," akasema. "Kazi si yangu."

Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo akanigeukia. Si kwa ukali, aliniuliza kama anavyoniuliza kama chumvi imetosha. "Mwanangu, ndicho chungu nilichokiacha mlangoni?"

Watu wote walinitazama. Mume wangu alinitazama, togwa limemrukia miguuni.

Nikasema, "Ena, juuba. Ndicho."

Ee Mungu wangu! Maneno matatu. Yule mama alinitazama, kisha akaweka ile shingo chini polepole, akajifunga nguo yake vizuri, akaketi.

Wageni walivuka mto jioni ile bila kula. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yetu kwenda kwao, hawakutuita, na mpaka leo hapajawa na mashindano mengine. Lakini hilo ni dogo. Kabla wiki haijaisha yule nahodha alishikwa na homa kali. Habari zikavuka Songwe kwamba kijana amekunywa kitu kwenye chungu cha bibi wa Kikisi, kwamba bibi ni mchawi, kwamba chungu cha kawaida hakigeuki tope mkononi. Kijana alipona baada ya miezi miwili. Maneno hayakupona.

Lyulilo wanunuzi walianza kuinama kutafuta alama yake ili waikwepe. Halafu wakaanza kuvikwepa vyungu vya kijiji kizima, na hapo wafinyanzi wenzake, waliokula naye na kuzika naye, wakamwambia aondoke kabla hajawaua kwa njaa. Mume wangu alimpigania mama yake sana. Nusura wapigane kweli. Mimi nilikaa ndani nimemshika mtoto wetu, nasema moyoni kesho, kesho nitasema.

Alipanda mtumbwi na mkeka wake na jiwe lake la kulainishia vyungu, akaenda kwa kaka yake. Nilimfungia ndizi za njiani. Akasema ndaga fijo, asante sana, kama vile nimemfanyia wema.

Mume wangu hakugusa mpira tena. Anaamini yote yalitoka kwenye lile goli alilokosa, kwamba angefunga, chungu kingebaki nyumbani. Nami nimemwacha aamini hivyo! Nimelala kando ya mtu anayebeba mzigo wangu akidhani ni wake.

Masika mbili zilipita. Mwaka huu nilishindwa. Nilikuwa nimekwisha batizwa, nimeulizwa mbele ya kanisa kama nimeziacha dhambi zangu, nikaitika. Nikapanda mtumbwi nikamfuata.

Nilimkuta nje ya kibanda, amekonda, anafinyanga. Vyungu vilikuwa vimepangwa vinakauka na shingo zao zilikuwa laini, hazina alama yoyote. Kaka yake anaviuza kama vyungu vya mtu asiyejulikana.

Nilipiga magoti kwenye udongo wake nikamweleza yote, teke, makaa, moto mdogo, mikwaruzo. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Yeye aliendelea kulainisha ukingo wa chungu. Nilipomaliza akasema:

"Mimi nilijua kwamba mimi si mchawi. Sasa umenijia mimi ya nini?"

Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi, juuba."

"Radhi ulikuwa nayo tangu mwezi ule. Nilikungoja, hukuja." Akaosha mikono. "Walioko Lyulilo ndio wasiojua. Hukunivunjia jina faraghani, mwanangu. Nenda ukasimame kwenye vyungu, uwaambie. Kisha uje unichukue, nimechoka na mahali hapa."

Nilirudi nikiwa nimeazimia. Siku ya soko nikaenda, nikafika kwenye vyungu, nikafungua mdomo, nikaulizia bei ya dagaa. Siku ya soko ya pili hivyo hivyo. Na sasa nimechukua karatasi. Yeye alinituma sokoni, mimi nimekimbilia gazetini ambako hakuna anayeniona uso!

Wewe uliyemwachia mtu mwingine kosa lako, nakuomba, usijifunze kutoka kwangu namna ya kuungama. Usimfuate uliyemkosea chumbani ukamlilia magotini ukadhani umemaliza. Machozi yale unajiosha wewe. Nenda pale pale jina lake lilipochafuliwa, kwa watu wale wale, useme kwa mdomo ule ule uliosema uongo. Na uende mapema. Kila siku unayoikalia kimya, yeye ndiye anayeilipia.

Kwa wasomaji wa mbali, habari yangu imekwisha. Lakini gazeti hili huku kwetu hawalisomi wengi. Mwalimu wa shule hulisoma kwa sauti pale Lyulilo siku ya soko, watu wakiwa wameketi mchangani, wanaume mbele, mume wangu miongoni mwao, na wanawake nyuma pamoja na vyungu vyao. Siku moja atalisoma hili.

Mwalimu, ukifika hapa, tafadhali usigeuze ukurasa. Inua macho, tazama kule nyuma kwa wanawake. Nimesimama.